Bibi Siti binti Saad na Sahani za Santuri

Katika gazeti letu la muhula huu napenda kuwasimulia wasomaji maisha ya marehemu Bibi Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa Unguja. Jina lake si geni. Wazazi wetu wengi walimsoma shuleni katika kitabu cha Shaaban Robert, na hata leo wakitajwa waimbaji wa taarabu wa zamani, yeye hutajwa kwanza. Lakini nilipowauliza wenzangu bwenini wanajua nini zaidi ya jina, niliona kwamba tunajua kidogo sana. Hakuna aliyejua kwamba mama yake alikuwa Mzigua. Habari hiyo peke yake ilinitosha kushika kalamu, kwa kuwa shule yetu iko Mazinde, nami kwa upande wa mama ni Mzigua wa Handeni.

Bibi Siti alizaliwa Fumba, kijiji cha pwani kusini ya mji wa Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake, Mzee Saad, alikuwa Mnyamwezi, asili yake Tabora. Mama yake alikuwa Mzigua, asili yake pande hizi za Tanga. Wote wawili walizaliwa huko huko Unguja. Mnyamwezi na Mzigua! Mtu akisoma daftari la majina la darasa letu ataona ndoa za namna hiyo hiyo, maana mashamba ya mkonge ya huku kwetu yaliwakusanya watu wa Tabora na wa mahali pengi, wakaoa na kuolewa hapa. Lakini wazee wa Siti hawakukutanishwa na mkonge. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, naye wakati huo alikwisha kuwa msichana mkubwa.

Katika karne ya 19 watu wengi wa bara walifika Unguja kwa njia ya utumwa, na habari hizo zina mahali pake hapa petu. Alipokufa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambaa, mwaka 1862, jamaa zake waligombea utawala. Semboja, aliyekuwa na mji wake hapa Mazinde kando ya njia ya misafara, akapata nguvu nyingi kwa bunduki na biashara. Watu waliotekwa katika vita vile walipelekwa Pangani, na kutoka Pangani wakavushwa kwenda kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Wazigua nao waliuza watu, na wakati wa njaa na vita wakauzwa wao. Sisemi kwamba wazee wa Siti walipita hapa. Nasema kwamba barabara kuu tunayopanda mabasi kurudi makwetu inafuata bonde lile lile walimopita watu waliofungwa kamba, na kwa hiyo maisha ya bibi huyu si habari ya visiwani tu.

Mtoto alipozaliwa aliitwa Mtumwa. Hilo ndilo lililokuwa jina lake hasa, wala halikuwa la utani. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa tangu mwaka 1873, lakini kumiliki mtu kulikuwa bado halali, na sheria haikubadilika mpaka mwaka 1897. Kwa hesabu yangu, mwaka ule Mtumwa binti Saad alikuwa na umri wa miaka kama 17, yaani kama mimi ninayeandika. Sheria ikawaondolea watu bwana, lakini haikuwapa shamba wala nyumba, na jina likabaki lile lile.

Nyumbani kwao kazi ilikuwa kufinyanga. Mtumwa alijifunza kwa mama yake kufinyanga vyungu na mitungi, akavichoma, kisha akavitia kichwani na kwenda kuviuza mjini kwa miguu, mwendo wa maili 10 na zaidi. Shule hakwenda. Yasemekana alikuwa akiimba anapotembeza vyungu vyake, na watu wakamtambua kwa sauti kabla hawajamwona. Mimi nimepata kubeba ndoo ya maji kichwani kutoka kisimani, tena si mbali, na najua kwamba pumzi hubaki kidogo sana. Mtu anayeweza kuimba na mzigo wa vyungu kichwani ana kifua kilichofundishwa vizuri kuliko tunavyofundishwa sisi katika kwaya.

Mwaka 1911 alihama Fumba akaenda kukaa mjini. Umri wake ulikuwa unakaribia au umepita miaka 30, ambao kwa wakati ule ulikuwa umri wa mtu mzima aliyekwisha tulia. Yeye ndipo alipoanza.

Taarabu wakati huo ilikuwa muziki wa wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala toka 1870 hata 1888, ndiye aliyependa muziki wa Misri akauleta katika jumba lake. Waimbaji waliimba kwa Kiarabu, na wasikilizaji walikuwa ni watu wa nasaba na mali. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho bado kipo. Mtu mmoja wa chama hicho, Bwana Ali Muhsin, aliisikia sauti ya Mtumwa akaona si ya kupotea mtaani. Akamfundisha kuimba na kupiga vyombo. Halafu akaingia katika kundi lililokuwa na watu hodari: Subeit Ambar, Mbaruk Talsam, Budda Swedi na Mwalim Shaaban. Kwa kuwa hakujua kusoma, nyimbo zote, za Kiarabu na za Kiswahili, alizishika kwa moyo.

Hapo ndipo alipopewa jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi, mwanamke wa heshima. Toka Mtumwa hata Siti! Wako watu wanaobadili majina kwa kuhama mji, na wako wanaoyabadili kwa kuolewa. Huyu jina lake la kwanza lilifutwa na koo lake mwenyewe.

Isidhaniwe kwamba alipokewa na wote kwa furaha. Mwanamke kuimba mbele ya wanaume, tena mwanamke wa shamba, tena mtoto wa watu wa asili ya utumwa, lilikuwa jambo la kuwafanya watu wanong'one. Alipoimba alijifunika. Walitokea waliomtungia nyimbo za kumdhihaki, kwamba juzi tu alikuwa na kaniki na vyungu kichwani, na kwamba hana sura. Yeye hakwenda barazani kugombana. Aliwajibu kwa wimbo, akawaambia kwa adabu kwamba mwenye akili na tabia njema hana haja ya kukopa uzuri kwa mtu. Wimbo wao ukasahaulika kama si kwa sababu ya jibu lake.

Basi alialikwa kwa Sultani na kwa matajiri, akaimba. Lakini nyumbani alikuwa mtu wa Ng'ambo, upande wa pili wa hori, walikokaa wachukuzi, wavuvi, wapishi, mafundi na wanawake wauzao maandazi. Jioni watu walikusanyika kumsikiliza, na huko aliimba Kiswahili. Hili ndilo jambo kubwa la maisha yake. Alichukua muziki uliokuwa ukiimbwa kwa lugha ambayo wasikilizaji wengi hawakuielewa, akautia maneno ya sokoni na ya mahakamani. Waliohudhuria hawakukaa kimya kama sisi tunavyokaa bwalo likiwa na mgeni rasmi. Walijibu, walicheka, walitia maneno yao, na wimbo uliokuwa mfupi ukawa mrefu kwa sababu kila mtu alikuwa na habari ya kuongeza.

Ningetaka kukaa kidogo juu ya wimbo mmoja uitwao Kijiti, kwa kuwa unaonyesha vizuri mambo yalivyokuwa. Unahusu jambo lililotokea kweli. Mwanamke mjamzito alivuka kutoka Dar es Salaam kuja kutembea Unguja, akachukuliwa kwenda ngomani, na huko mtu aitwaye Kijiti akamwua, kisha akatoroka kwenda bara. Mahakama ikakutana, mwuaji hakuwapo, na walioadhibiwa wakawa ni watu waliofuatana na marehemu. Mambo hayo hayakuwa ya mzaha. Kila mtu wa Ng'ambo alijua kwamba haki haikutendeka, lakini nani angesimama mbele ya hakimu akamwambia hivyo? Siti alimwambia, kwa ala na sauti. Ukiusikiliza utaona ndani yake safari, ngoma, mauaji, shauri na hukumu. Yaani ni mchezo wa kuigiza kamili, isipokuwa wachezaji wote wamo katika kinywa cha mtu mmoja.

Sasa nifike kwenye sahani.

Kampuni ya Gramophone iliundwa London mwaka 1898. Sahani zake zilikuwa na picha ya mbwa aliyeinamia gramafoni, na chapa yake iliitwa His Master's Voice, maana yake Sauti ya Bwana Wake. Msomaji na alifikirie mwenyewe jina hilo juu ya sahani ya mtoto aliyezaliwa akaitwa Mtumwa. Kampuni hii haikuwa na nia ya kukuza Kiswahili. Ilikuwa na gramafoni za kuuza, na gramafoni bila sahani ni sanduku tu. Iliona kwamba mtu hununua sahani ya lugha yake kwa urahisi zaidi, kwa hiyo ikawatuma mafundi wake India, Misri na nchi nyingi nyingine. Karibu na Calcutta ilikuwa na kiwanda chake tangu mwaka 1908. Unguja watu walikuwa wakinunua sahani za Kihindi na za Kiarabu. Zilizokosekana ni za Kiswahili.

Kwa nini basi Siti na wenzake waende Bombay? Kwa sababu mashine zilikuwa huko, na meli kati ya Unguja na Bombay zilikuwa jambo la kawaida kama mabasi ya Tanga na Korogwe. Mwezi wa Machi mwaka 1928 kundi zima lilisafiri, likaimba mbele ya mashine, na Siti akawa miongoni mwa waimbaji wa kwanza kabisa wa Kiswahili kutiwa katika sahani. Walirudi tena huko baadaye kuendelea na kazi hiyo. Na si yeye peke yake aliyeimba. Wenzake nao walitoa nyimbo zao.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Tangu mwaka 1925 makampuni yalikuwa yameacha kuimbia katika bomba kubwa na kuanza kutumia kipaza sauti cha umeme. Sauti iliendesha sindano, nayo sindano ikachora mfereji mwembamba katika bamba la nta. Nta hiyo ilipakwa madini, ikatoa muhuri wa chuma, na muhuri ukagonga sahani moja baada ya moja. Sahani zilifanywa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa India, ndiyo maana zilikuwa nzito na zikianguka huvunjika kama sahani ya wali. Zilizunguka mara 78 kwa dakika. Kwa mwendo huo upande mmoja ulichukua dakika 3 na kitu, basi. Wimbo uliokuwa ukijaza usiku wa Ng'ambo, pamoja na vicheko na majibu ya watu, ulipaswa kukatwa uenee katika dakika hizo. Fundi wa mashine hakujua Kiswahili, alitazama saa.

Mwalimu wetu mmoja anasema kwamba hiyo ndiyo hasara ya sahani, kwamba ilimtoa Siti katikati ya watu wake ikambakiza sauti tupu. Nimelifikiri sana jambo hili, na nakubali nusu. Ni kweli kwamba katika sahani hakuna mtu anayemjibu. Lakini alijibiwa kila mahali sahani ilipowekwa. Mwenye gramafoni aliiweka barazani, majirani wakaja, na mazungumzo yale yaliyokatwa Bombay yakaanza upya Mombasa, Dar es Salaam au Lamu, na watu wasiopata kukanyaga Unguja wakalizungumza shauri la Kijiti kama lililotokea mtaani kwao. Mwaka ule ule wa 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja vya nyumba zao. Walikuwa ni watu waliokwisha zoea kusema mambo yao kwa sauti. Sidai kwamba wimbo ndio uliowafanya wagome, ila walikuwa na mwimbaji aliyewasemea, na huyo sasa alikuwa akisikika pwani nzima.

Kampuni ilishangaa kwa mauzo. Sahani ziliuzwa kwa makumi ya maelfu, na makampuni mengine, Odeon na Columbia, yakakimbilia pwani yetu nayo yatafute waimbaji. Lakini biashara ni biashara. Mwaka 1929 uchumi wa dunia ulianguka, bei ya karafuu ikashuka, na mtu asiye na rupia ya unga hanunui sahani. Mwaka 1931 Gramophone na Columbia ziliungana London zikawa kampuni moja, EMI. Hamu ile ya kwanza ya kutoa nyimbo za Kiswahili ikapoa. Siti hakupoa. Aliendelea kuimba kama alivyoimba kabla hawajaja.

Hapa naomba ruhusa ya msomaji nivuke bahari, kwa sababu kuna jambo la Marekani ambalo likiwekwa kando ya maisha ya Siti yote mawili hueleweka vizuri zaidi. Mwaka 1956 shirika la CBS, lenye kampuni ya sahani ya Columbia ya Marekani, lilitoa karibu gharama yote ya mchezo wa kuigiza wenye nyimbo ulioitwa My Fair Lady. Zamani wenye michezo walitafuta fedha kwa matajiri, na kampuni ya sahani ilikuja mwisho, mchezo ukisha pendwa, kununua nyimbo zake. Safari hii kampuni iliingia mwanzo. Mchezo ulifunguliwa New York tarehe 15 Machi 1956, ukaonyeshwa mara 2,717 hata mwaka 1962, na sahani yake ikauzwa kwa mamilioni. Tangu hapo watu wa sahani waliliangalia jukwaa kwa jicho jingine. Mwaka 1970 mambo yakageuka kabisa: Jesus Christ Superstar ilitolewa kwanza katika sahani, ndipo mwaka 1971 ikapandishwa jukwaani.

Na huo mchezo wa My Fair Lady unahusu nini? Unahusu msichana maskini auzaye maua mitaani London, ambaye bwana mmoja msomi anaisikia sauti yake, anamfundisha, mpaka anapita mbele ya wakubwa akadhaniwa ni bibi wa heshima. Niliposoma habari hiyo katika maktaba yetu niliacha kitabu wazi nikacheka peke yangu. Siti binti Saad alikwisha kuishi mambo hayo Unguja, kwa vyungu badala ya maua, miaka 40 na zaidi kabla ya pazia la New York kufunguliwa. Hata jina lake maana yake ni bibi wa heshima. Lakini liko jambo moja lililo mbali kabisa. Yule wa London ilimbidi aache maneno ya mtaani ndipo akubaliwe. Siti alijifunza Kiarabu cha wakubwa, akakiimba vizuri, kisha akawaletea wakubwa hao Kiswahili cha mtaani kwake, wakakaa wakasikiliza. Tena kampuni ya Marekani ililipia jukwaa ili ipate nyimbo. Kampuni ya London haikumjengea Siti jukwaa lolote. Ililikuta limekwisha jengwa na watu wa Ng'ambo waliokaa juu ya mikeka.

Mawazo hayo ndiyo yaliyokifanya chama chetu cha michezo ya kuigiza kichague maisha yake kwa mchezo wa mwisho wa muhula. Ubishi ulikuwa mwingi. Wengine walitaka mtu wa kampuni awe mwovu, aingie na kofia na begi la fedha, watazamaji wamzomee. Mimi nilipinga. Huyo mtu hakuja kuiba wala kufadhili. Alikuja kununua, na alichokinunua kilikuwa na thamani kabla hajakijua. Tukamweka fundi anayetazama saa, hasemi hata neno moja, na nadhani inatosha.

Tabu kubwa ilikuwa nani awe Siti. Msichana mwenye sauti inayofaa tunaye, lakini baba yake alipopata habari alimwandikia mwalimu kwamba hakumleta binti yake shule ya bweni aje kusimama mbele ya watu akaimbe. Mwalimu hakumlaumu, nasi hatukuruhusiwa kumlaumu. Walizungumza, mzee yule akaja shuleni siku ya kutembelewa, akakaa na mwalimu chini ya mti karibu saa nzima. Mwishowe alikubali sauti ya bintiye isikike, mradi uso usionekane. Kwa hiyo msichana mwingine alicheza kwa mwili na uso wake, na mwenye sauti aliimba nyuma ya shuka. Tulipokuwa tukifanya mazoezi nilikaa mwisho wa bwalo nikafumba macho. Ilikuwa kama sahani: sauti ipo, mtu hayupo. Nikafikiri kwamba hata baba yule, bila kujua, alikuwa amemtendea binti yake kama walivyotaka watu wa Unguja, waliokubali kumsikia Siti akiwa amejifunika. Usiku wa mchezo mzee alikuja. Alisikiliza wimbo mpaka mwisho, na ulipokwisha aliulizia kama upo mwingine.

Turudi kwa Bibi Siti. Alizeeka akiwa na jina kubwa na mali kidogo. Siku zake za mwisho alikutana na Shaaban Robert, mwenyeji wa mkoa wetu, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909. Yeye mshairi na karani wa serikali, mtu wa kalamu; yule mwimbaji asiyejua kusoma. Alimsikiliza akayaandika maisha yake, na maandishi hayo yakatolewa mwaka 1958. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitabu kingine cha Kiswahili kilichohusu maisha ya mwanamke Mwafrika kwa urefu na heshima ya namna ile. Msomaji atakayekiazima katika maktaba yetu, nakala iko moja tu na jalada lake limetoka. Namwomba aishike taratibu.

Bibi Siti binti Saad alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950, akiwa na umri wa miaka 70 hivi. Mwandishi wake hakuishi sana baada ya kitabu kutoka. Naye alifariki mwaka 1962. Mwaka 1988 chama cha wanawake waandishi wa habari wa Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha gazeti lake kililiita Sauti ya Siti.

Sahani zake nyingi zimevunjika. Chache zilizosalia wamezishika watu wenye mapenzi na mambo ya kale, na baadhi ya nyimbo zimehamishwa katika mashine za kisasa, hata mwalimu wetu aliweza kutusikilizisha mmoja kwa simu yake. Kwanza husikika mkwaruzo wa sindano, kama mvua juu ya bati. Halafu huingia udi, halafu fidla, na nyuma ya mkwaruzo anatokea yeye, juu kabisa, hana haraka, kana kwamba hakuna fundi anayetazama saa. Tulipima: dakika 3 na sekunde chache. Mwalimu akaurudisha mwanzo, nasi tukausikiliza tena hata kengele ya chakula ilipolia.